Mahori ya Kilifi na Mida: Ghala la riziki kwa wanavijiji wa Tezo na jirani zao

MSAFIRI anayetoka Mombasa kuelekea Malindi huvuka hori la Kilifi juu ya daraja lililofunguliwa mwaka wa 1991, akaupita mji, na muda mfupi baadaye akajikuta Tezo. Machoni pake hiyo ni nchi ya wakulima: minazi, mikorosho, miembe na mashamba madogo ya mahindi na mihogo. Lakini fito zilizosimamisha kuta za nyumba nyingi za udongo, samaki wa kukaanga wanaouzwa jioni kando ya barabara, na hata karo ya baadhi ya wanafunzi wa sehemu hizi hutoka majini. Tezo iko kati ya mahori mawili: la Kilifi upande wa kusini na la Mida upande wa kaskazini.

Hori ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu. Kaunti ya Kilifi ina maziwa madogo ya maji baridi, mathalani Jilore karibu na Mto Sabaki, ambalo hupata maji mto huo unapofurika. Hata hivyo, kwa wakazi wa Tezo, Ngerenya, Roka na Matsangoni, kazi ambayo ziwa huwafanyia watu wa Naivasha au wa Kisumu hufanywa na mahori haya. Humo hupatikana kitoweo, miti ya kujengea, kuni, asali na fedha za dharura shamba linapokataa kutoa.

Makala haya yanaeleza mali hiyo ni ipi, inavyovunwa, na jinsi sheria zilivyoigusa tangu enzi za ukoloni. Aidha yanajaribu kujibu swali linalowahusu wanavijiji kuliko wageni: ni kwa nini miongo ya marufuku haikutosha kuilinda mikoko, ilhali panapokuwa na watu wanaopata riziki kutokana na mti uliosimama, mti huo hupata mlinzi?

Mahali na watu wake

Tezo ni mojawapo ya wadi saba za eneo-bunge la Kilifi Kaskazini. Nyingine ni Sokoni, Kibarani, Dabaso, Matsangoni, Watamu na Mnarani. Wakazi wengi ni Wamijikenda, hasa Wagiriama, Wachonyi na Wakauma. Kando ya maji wamo pia Waswahili na Wabajuni ambao uvuvi ni kazi waliyorithi kwa baba na babu. Sehemu ya ardhi hii iligawanywa kupitia skimu za makazi, zikiwemo zile za Tezo-Roka na Ngerenya.

Kilimo hapa hutegemea mvua. Masika hunyesha kati ya Aprili na Juni, na vuli Oktoba na Novemba. Mvua moja ikikosa, ghala huwa tupu kabla ya nyingine kufika. Zao la korosho, ambalo zamani liliwapa wakulima fedha taslimu, lilipata pigo kiwanda cha korosho cha mjini Kilifi, kilichoanza kazi miaka ya 1970, kilipofungwa katika miaka ya 1990. Tangu wakati huo jamaa nyingi zimezidi kuchanganya kazi: mume analima na kuvua, mke anauza samaki na makuti, kijana anachoma makaa au anaendesha pikipiki. Ni vigumu kumwita mtu wa huku mkulima tu au mvuvi tu.

Mahori yenyewe hayafanani. Hori la Kilifi ni refu na lenye kina kirefu, na mito ya msimu huingia humo wakati wa mvua. Hori la Mida lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 32, na halina mto wowote wa kudumu unaomwaga maji ndani yake. Maji baridi hufika huko kwa kupenya chini ya mwamba wa matumbawe. Kwa sababu hiyo maji ya Mida ni meupe, na tope la nchi kavu haliingii kwa wingi. Mida pia imezungukwa na zaidi ya hekta 1,600 za mikoko.

Mikoko na matumizi yake

Kwa mujibu wa mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027, Kenya ina hekta 61,271 za misitu hiyo. Lamu peke yake ina hekta 37,350, yaani asilimia 61. Kilifi inafuata kwa hekta 8,536, kisha Kwale 8,354, Mombasa 3,771 na Tana River 3,260.

Jina mkoko hutumiwa kwa namna mbili. Kwa jumla ni mti wowote uotao katika tope la maji ya chumvi. Kwa undani ni aina moja tu, ile yenye mizizi iliyopindana kama miguu ya buibui. Nchini Kenya kuna aina tisa za miti hii, na wenyeji huitofautisha kwa majina na kwa kazi. Mlilana huota mbele kabisa, pale maji yanapojaa kila siku. Mbao zake hutengenezewa mataruma ya vyombo. Nyuma yake kuna mkoko wenyewe, unaotoa boriti, kisha muia na mkandaa, ambao ni hodari kwa miti ya kujengea. Mchu hustahimili chumvi nyingi na huonekana hata kwenye ukingo wa nchi kavu. Maua yake hupendwa na nyuki. Mkomafi hutoa mbao za samani. Magome ya mkoko na mkandaa yalitumika kwa miaka mingi kutia ngozi rangi na kuilainisha.

Miti ya kujengea hupangwa kwa unene wake. Fito ni myembamba kuliko yote, hufuatiwa na pau, mazio na boriti, halafu nguzo. Huuzwa kwa korija, yaani miti ishirini. Katika nyumba ya udongo, nguzo hushika pembe, fito huzungushwa kwa kamba, na udongo hukandikwa juu yake. Katika nyumba za mawe za miji ya kale ya Waswahili, boriti ndizo zilizobeba dari. Urefu wake ndio uliokuwa kipimo cha upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Mchu na muia haudumu sana unapogusana na udongo mkavu wenye mchwa, lakini mkandaa uliokauka vizuri na kuezekwa juu huishi miaka mingi.

Faida kubwa zaidi ya mikoko, hata hivyo, haiwezi kufungwa korija. Majani yanayoanguka huliwa na kaa na kuozeshwa na wadudu wasioonekana, nayo huwa chakula cha kamba na samaki wachanga. Mizizi huwaficha wachanga hao wasiliwe na samaki wakubwa. Baadhi ya samaki wanaovuliwa nje ya mwamba, wakiwemo changu na chewa, hupitia mikokoni katika utoto wao. Anayekata mikoko ya Mida humpunguzia samaki mvuvi wa Watamu, hata kama watu hao wawili hawajawahi kuonana.

Kalenda ya maji

Kazi za horini hufuata mwezi na pepo. Mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita tatu. Siku za katikati ni za maji mafu, wakati tofauti hiyo ni ndogo. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, tope huwa wazi hadi mbali na watu huingia kwa miguu kutafuta kaa, chaza na kome. Wakati wa maji mafu mikondo hupungua, na wenye nyavu na mishipi hupata nafasi.

Mwaka nao umegawanyika. Kaskazi huvuma kati ya Novemba na Machi. Bahari hutulia na wavuvi hutoka nje ya mwamba. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba. Kati ya Juni na Agosti bahari huchafuka, na mwenye mtumbwi au ngalawa ndogo hathubutu kutoka. Hapo ndipo hori huwa kimbilio. Ikumbukwe kuwa wakati huo huo mavuno ya masika huwa bado hayajaingia ghalani, au yameingia machache. Basi shinikizo juu ya hori huwa kubwa zaidi katika miezi ambayo watu wana njaa zaidi. Sheria yoyote isiyozingatia kalenda hiyo huwakuta watu mahali ambapo hawawezi kuitii.

Zana zinazotumika ni za aina nyingi: malema yaliyosukwa kwa vijiti, mishipi, nyavu za jarife, na nyua zinazopangwa katika njia ya maji ili samaki wanase maji yakipwa. Tasi, tafi, mkizi na kamba ni miongoni mwa wanaopatikana. Juya, wavu mrefu unaokokotwa hadi ufuoni, pamoja na bunduki za mishale za kuchomea samaki, zilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2001. Sababu ni kwamba juya hukomba wakubwa na wadogo pamoja na kuvuruga nyasi za baharini ambamo samaki hutaga.

Kaa wa mikokoni

Katika bidhaa zote za hori, kaa wa mikokoni ndiye aliyebadilisha bei. Zamani alikuwa kitoweo cha nyumbani. Kukua kwa hoteli za Watamu, Malindi na Kilifi, na baadaye kwa soko la kaa hai la ng'ambo, kumemfanya awe mali ya fedha. Mshika kaa huingia mikokoni maji yakipwa, akatafuta tundu, akapenyeza mti wenye ncha ya chuma iliyopindwa na kumvuta taratibu. Kaa hufungwa magando kwa kamba, huwekwa mahali penye unyevu, na anaweza kuishi siku kadhaa nje ya maji. Hii ndiyo sababu mtu asiye na jokofu wala barafu anaweza kushiriki katika biashara hii.

Jike mwenye mayai huondoka horini na kwenda bahari kuu kutaga. Anayemshika njiani huwa amevuna kizazi kizima. Wavuvi wenye uzoefu wanalijua hilo, lakini mnunuzi akilipa kwa uzani bila kujali jinsia wala ukubwa, ujuzi huo hauna mshahara. Vikundi kadhaa vya Mida vimejaribu kuwanenepesha kaa wadogo katika vizimba, yaani kuwaweka ndani ya maji na kuwalisha mabaki ya samaki hadi wafikie uzito unaotakiwa. Njia hii huongeza bei ya kaa mmoja, ila nayo hutegemea kaa wachanga wa mwituni. Haiongezi idadi ya kaa horini.

Ufugaji wa mwatiko katika mabwawa ya maji ya chumvi ni jaribio jingine. Samaki huyu huvumilia chumvi nyingi na hukua haraka. Mabwawa yake yanafaa kuchimbwa katika ardhi tupu iliyo nyuma ya mikoko, wala si kwa kuikata mikoko yenyewe.

Nani hupata nini

Mali ya hori haigawanyiki sawasawa. Mvuvi asiye na chombo hufanya kazi katika mtumbwi wa tajiri, na mavuno hugawanywa kati ya chombo, wavu na mabaharia. Mara nyingi tajiri ndiye aliyemkopesha mvuvi fedha za wavu au za matibabu, hivyo samaki humwendea yeye kwa bei anayoitaka.

Wanawake ndio kiungo kati ya hori na vijiji vya bara kama Tezo. Mama karanga, kama wanavyoitwa wanawake wanaonunua samaki ufuoni na kuwakaanga, huwauza katika vituo vya barabarani na mitaani. Mtaji wake ni mafuta ya kupikia, karai na kuni. Hulisha nyumba ambazo haziwezi kununua nyama. Wenye majokofu wakija ufuoni na kuchukua samaki wakubwa kwa ajili ya hoteli, yeye huachiwa wadogo. Kwa hiyo amri ya kuzuia nyavu zenye matundu madogo humgusa moja kwa moja, ingawa yeye hakushika wavu wowote. Mara nyingi mikutano ya wavuvi huhesabu wenye vyombo na kumsahau.

Vivyo hivyo kuhusu kuni. Mwanamke anayeokota kuni kavu mikokoni na mwanamume anayekata korija kumi za boriti kwa ajili ya mfanyabiashara huonekana sawa mbele ya askari wa msitu, hali kazi zao ni mbingu na ardhi.

Sheria tangu 1932

Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa mali ya serikali mwaka wa 1932. Kuanzia hapo mkataji alihitaji leseni. Kwa karne nyingi majahazi yalikuwa yakipakia boriti, hasa kutoka Lamu, na kuzipeleka Arabuni na Ghuba ambako miti ni adimu. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku mwaka wa 1982. Mwaka wa 1997 marufuku yaliongezwa hadi soko la ndani, kabla ya kulegezwa Lamu katika miaka ya 2000. Februari 2018 serikali ilisimamisha tena ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakata mikoko wa Lamu wakajikuta bila kazi.

Mida ina mlinzi zaidi ya mmoja. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu ziliundwa mwaka wa 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Mwaka wa 1979 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe na mazingira. Ndani ya mbuga uvuvi hauruhusiwi kabisa; katika hifadhi inayoizunguka, ambayo hori la Mida ni sehemu yake, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Matokeo yake ni kwamba mti uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), hifadhi iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na samaki yuko chini ya idara ya uvuvi. Mwanakijiji anayeingia horini na panga, ndoana na kikapu hupita katika mamlaka tatu kwa asubuhi moja.

Kwa miaka mingi marufuku hayo hayakuzuia ukataji. Yaliugeuza tu kuwa kazi ya usiku. Sababu si kwamba wanavijiji hawaithamini mikoko. Nyumba bado zilihitaji fito, na hapakuwa na mti mwingine wa bei hiyo. Aidha, mali ya serikali ambayo jirani hana sauti juu yake huonekana kuwa haina mwenyewe, na aliyejizuia leo hana hakika kwamba mwenzake hatakata kesho.

Mwelekeo ulianza kubadilika katika miaka ya 2000. Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005 iliruhusu wakazi kuunda vyama vya kijamii vya misitu na kutia saini mikataba ya kusimamia msitu pamoja na KFS. Haki hiyo iliendelezwa katika sheria mpya ya mwaka wa 2016. Upande wa uvuvi, kanuni za mwaka wa 2007 ziliunda kamati za usimamizi wa fuo, zijulikanazo kama BMU, ambazo mfano wake ulikuwa umeanzia Ziwa Victoria. Kamati hizo husajili wavuvi na vyombo, huweka kanuni ndogo za ufuo na huweza kutenga sehemu za kuzaliana. Ziwani Victoria uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi kadhaa kila mwaka ili samaki hao wapate kuzaana. Wakazi wa Tezo hununua omena hiyo hiyo sokoni na huiona bei ikipanda.

Kielelezo cha karibu ni Kuruwitu, kusini mwa mji wa Kilifi. Huko wavuvi waliunda chama mwaka wa 2003 na, baada ya kuona samaki wakipungua, wakakubaliana kuifunga sehemu ya bahari yenye ukubwa wa takriban hekta 30. Uamuzi ulikuwa wao, na ulinzi ukawa wao. Mwaka wa 2017 chama hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mti uliosimama unapolipa

Hori la Mida ni mahali pa kujifunzia jambo hilo. Kuanzia Agosti hadi Aprili maelfu ya ndege wa pwani kutoka Ulaya na Asia hukaa humo wakila kaa wadogo na minyoo ya topeni. Watalii huja kuwatazama. Shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mwaka wa 2001 mpango wa ASSETS, unaounganisha shule zilizo karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida. Ada anazolipa mgeni kupita juu ya daraja la kamba na mbao lililojengwa mikokoni, hadi kibanda cha kutazamia ndege, huingia katika mfuko wa karo za shule za sekondari. Wazazi wa watoto wanaofaidika huahidi kutokata miti ovyo na hushiriki katika upandaji.

Dabaso, kikundi cha wenyeji cha kuhifadhi hori kinaendesha mkahawa wa kaa uliojengwa juu ya maji katikati ya mikoko. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka wa 1993 huwalipa wakulima kwa buu za vipepeo wanazofuga. Wengine hutundika mizinga katika michu na kuuza asali. Njia hizi zote zina asili moja: fedha hupatikana mradi miti ibakie.

Hata hivyo, utalii si nguzo ya kuegemea peke yake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza wageni. Hofu ya usalama mwaka wa 2014 ilifanya vivyo hivyo. Na Machi 2020 safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, fuo za Watamu zilibaki tupu. Kila mara hoteli zinapofungwa, waliokuwa wahudumu na wabebaji hurudi horini na nyavu, na hori huombwa kulisha watu wengi zaidi kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana biashara ya kaboni imevuta macho. Mikoko huhifadhi kaboni nyingi, hasa katika tope lililo chini yake. Gazi na Makongeni, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka wa 2013 kuuza hati za kaboni zinazotokana na hekta 117 za mikoko. Fedha zake zimetumika kwa maji, shule na upandaji. Vanga, Jimbo na Kiwegu zilifuata kwa hekta zipatazo 460. Vikundi vya Kilifi vinaitazama njia hiyo, lakini kabla ya kuifuata ni lazima swali moja lijibiwe kwa maandishi: ni nani mwenye haki ya kuuza kaboni ya msitu ambao kisheria ni wa umma, na mgao wa kijiji ni kiasi gani?

Upandaji nao una masharti. Mbegu ya mkoko huchomekwa topeni bila shida, na picha ya wageni wakipanda hupendeza. Lakini mkoko uliopandwa mahali pa mchu hufa, na mlilana uliopandwa nyuma, mbali na maji, haustawi. Aliyeishi na hori anajua mstari wa kila mti; mradi usiomuuliza hupanda mwaka huu na kurudia mwaka ujao.

Hatari zinazokuja

Ukataji si tishio pekee. Wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, tope kutoka mashambani lilifunika mizizi na kuua sehemu ya mikoko ya hori la Mwache, Mombasa. Kaskazini mwa Malindi, kati ya Gongoni na Ngomeni, mashamba ya chumvi yamechukua ardhi ya pwani tangu miaka ya 1970, na malalamiko ya wakazi kuhusu mikoko, visima na makazi yaliifanya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu kufanya uchunguzi wa hadhara mwaka wa 2005 na kutoa ripoti mwaka wa 2006. Kwingineko, viwanja vya watu binafsi hufunga vijia ambavyo wavuvi walipitia tangu jadi kufika ufuoni. Mvuvi asiyeweza kufika majini hana haja ya kupigwa marufuku.

Karibu zaidi na Tezo ni suala la Uyombo, kijiji cha Matsangoni kilicho kando ya lango la hori la Mida. Serikali ilipokitaja kuwa mahali panapofaa kwa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, wakazi walipinga, na Mei 2024 maandamano yao yalikabiliwa na polisi. Hoja yao haikuwa ya umeme tu. Walitaka kujua nini kingetokea kwa samaki, kaa, mikoko na nyumba zao, na ni nani angewalipa kwa mali ambayo haina hatimiliki. Kufikia mwaka wa 2025 viongozi wa serikali walianza kuitaja Kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Victoria, kuwa mahali mbadala. Swali la wavuvi wa Uyombo limehamia kwa wavuvi wa ziwani.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Shamba lina mipaka na karatasi. Likichukuliwa, kuna kipimo cha fidia. Hori halina. Thamani yake imo katika mamia ya mapato madogo: korija moja hapa, kaa watatu pale, karai la samaki jioni. Hesabu hiyo isipoandikwa mapema, mwenye mradi huiandika sifuri.

Wakazi wanaotaka kuilinda wana nyenzo ambazo wazee wao hawakuwa nazo mwaka wa 1932. Wanaweza kusajiliwa katika kamati ya ufuo, na mama karanga ana haki ya kuwamo sawa na mwenye chombo. Wanaweza kujiunga na chama cha msitu na kudai kuuona mkataba kati yake na KFS. Wanaweza pia kuweka daftari la kijiji la kile kinachovuliwa, kinachokatwa na kinachouzwa mwezi baada ya mwezi, kusi na kaskazi. Daftari hilo halihitaji mtaalamu wala mfadhili. Linahitaji mtu mmoja anayejua kuandika, awepo ufuoni maji yanapopwa na mitumbwi inaporudi.